Safari ya kwanza ya baiskeli nje ya nchi? Hizo kilomita zigawe kwa mbili

Watu wakiniuliza kuhusu hizi safari wanaanza na ninunue baiskeli gani, mi nawauliza umepanga kilomita ngapi kwa siku, mtu akisema 100 najua huyu hajawahi kunyonga baiskeli yenye mzigo. Simcheki, maana mimi nilipanga 110, kisa jumapili nilikuwa namaliza 100 bila shida, sasa jumapili unabeba chupa ya maji tu, kule nilikuwa na kilo 22 kwenye keria na upepo unanipiga usoni, siku ya tatu magoti yakagoma nikapanda treni nimenuna.

Kwa hiyo panga 50 au 60, kila baada ya siku nne pumzika, na mwishoni acha siku mbili tupu kabla ya ndege. Njia pia usijitafutie sifa, milima ipo haikimbii. Njia ya mto Danube kutoka Passau Ujerumani mpaka Vienna Austria ni kama kilomita 300 na kitu, karibu yote tambarare, vijiji havipo mbali mbali so hata hema unaweza kuacha. Ila huko ni Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), mwisho siku 90 ndani ya 180, na viza yako inaweza kuwa na siku chache zaidi, isome vizuri.

Kabla ya yote funga mzigo WOTE, ondoka wikiendi moja ulale huko huko, ukirudi kila ambacho hukukigusa kitoe (vya pancha na dawa viache). Mimi ningefanya hivyo zile jinzi mbili zisingesafiri.

Kwenye ndege baiskeli inaingia boksini, pedeli zinatoka, na ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kulia, nilihangaika nayo nusu saa nikidhani imeshika kutu. Kile kichuma kinachoshika gia ya nyuma kikipinda safarini gia zinaanza kuruka, beba cha akiba cha baiskeli yako hiyo hiyo kwa sababu havifanani. Baiskeli ya umeme kodi huko huko, betri yake hawaipandishi ndege ya abiria.

Na siti mpya ya baiskeli usinunue wiki ya safari, hiyo pia niliifanya, maelezo sitoi.