Kahawa ya frenchi presi mbona yatoka tope?

SWALI: Asalam aleikum dada, nimepewa zawadi ya frenchi presi, lile jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma. Nimetia kahawa yetu ya unga ile ya kupikia kwa dele, ikawa tope tupu na kichujio kikagoma kushuka. Nakosea wapi? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salam mdogo wangu, jagi halina kosa, kosa ni huo unga. Kahawa ya dele husagwa laini sana, kwa presi inapita kwenye wavu au inauziba kabisa, na ukilazimisha maji moto yatakurukia, kwa hivyo usilazimishe. Mwambie muuzaji akusagie chenga, ziwe kama chumvi ya mawe iliyopondwa.

Suuza jagi na maji moto kwanza, tia gramu 30 za kahawa kwa nusu lita ya maji, yaani vijiko vya chakula kama 5 au 6 hivi. Maji yakichemka yaache nusu dakika ndo umimine, koroga, funika, ngoja dakika 4, kisha sukuma polepole. Mimina yote saa hiyo hiyo maana ikikaa na machicha inazidi uchungu.

Iliki ponda utie pamoja na kahawa, tangawizi ya unga hapana, tia vipande. Na tafadhali jagi usiliweke juu ya moto, kioo kitapasuka! Maji ya kisima yenye chumvi nayo mi siyataki kabisa kwa kahawa.