Kwa nini mizizi ya jino moja hutofautiana urefu katika picha mbili za eksirei

Ndugu uliyeuliza kwa nini gego lako la juu lilitoka na mizizi mirefu katika picha ya Sengerema, kisha mifupi katika picha ya hapa Mwanza mjini: jino halijabadilika, na yamkini mashine zote mbili ni nzima. Kazi yangu ni kupiga picha za meno, na wagonjwa wanaovuka kwa kivuko cha Kamanga na picha zao katika bahasha mkononi huniletea tofauti za namna hiyo mara nyingi.

Chanzo ni pembe. Kaakaa, yaani paa la mdomo, likiwa chini, filamu inayowekwa mdomoni karibu na jino haiwezi kusimama sambamba nalo, bali hulala mshazari. Hapo wengi hufuata kanuni ya daktari wa meno Mpolandi, Cieszyński, ya mwaka 1907: mpigaji hukadiria mstari unaoigawa nusu kwa nusu pembe iliyo kati ya mhimili wa jino na filamu, kisha huelekeza mionzi iupige mstari huo kwa nyuzi 90. Akiielekeza kwa mwinuko mkali mno, mizizi hufupika. Akiilaza mno, hurefuka kama kivuli cha jioni. Hata akipatia, mzizi wa upande wa kaakaa na ile ya upande wa shavu haiko kwenye bapa moja, hivyo haiwezi kutoka yote kwa urefu wake halisi.

Mimi hupendelea kishikio kinachoiweka filamu sambamba na jino, ingawa wenye kichefuchefu cha haraka hukichukia. Tatizo ni kwamba filamu husogea mbali na jino. Chanzo cha mionzi kikiwa sentimita 20 kutoka kwenye filamu, na jino sentimita 2 mbele yake, picha hukuzwa kwa takriban asilimia 11. Kikirudishwa hadi sentimita 40, hukuzwa kwa asilimia 5 tu, ila mionzi inayofika hubaki robo.

Kama unatibiwa mzizi, daktari huingiza ndani ya mzizi faili, yaani kifaa chembamba kama sindano cha kusafishia mzizi, ya urefu unaojulikana kabla ya kupiga picha. Faili ya milimita 20 ikionekana ya 24, na jino likaonekana la 27, urefu halisi wa jino ni milimita 22 na nusu. Filamu ikiwa ilipinda mdomoni hesabu hiyo haifai, na picha hurudiwa.

Itazame tena picha ya Mwanza: kivuli cha mfupa wa shavu kikiwa kimeifunika mizizi, mionzi ilielekezwa kwa mwinuko mkali mno.