Kwa askari kijana uliyepangiwa barabara kuu

Kila vijana wapya wanapopangiwa kikosi cha usalama barabarani, simu yangu haitulii. Mtoto wa ndugu, kijana wa jirani, hata asiyenijua kapewa namba tu: "Shikamoo mzee, nimepelekwa trafiki, nipe mawili matatu." Wanachotaka ni mbinu za kuishi na wakubwa. Hayo watayajua wenyewe, wiki haijaisha. Mimi nawapa habari za miguu, glavu na usingizi, na huwasikia kabisa wakiguna upande wa pili.

Nilistaafu nikiwa stafu sajenti, na miaka yangu mingi imeishia barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kati ya Morogoro na Iringa. Nayasema ya huko.

Kwanza, mahali pa kusimama. Lori lenye shehena likiteremka mlima Kitonga, kabla ya Iringa, huku dereva amekanyaga breki tangu juu badala ya kushusha gia, breki zinapata moto na kugoma. Harufu utaisikia kabla hujaliona lori lenyewe, kama mpira na chuma vinaungua pamoja. Gari la namna hiyo halisimami kwa mkono wala kwa cheo. Kwa hiyo chagua mahali tambarare, barabara imenyooka, dereva akuone toka mbali. Kaa nje ya lami, na nyuma yako pawe na pa kukimbilia. Usijibane kati ya gari ulilosimamisha na gari lenu la doria. Usikatize mbele ya lori ambalo injini bado inaunguruma. Reflekta vaa hata mchana, hata jasho likikutoka.

Na uache kuvizia kwenye kona. Najua kwa nini watu hukaa kwenye kona, na wewe msomaji unajua, tusidanganyane. Mara nyingi ni askari mwenye mkopo wa kausha damu, mshahara umekwisha kabla haujaingia. Kona inayomzuia dereva asikuone ndiyo hiyo hiyo itakayokufanya ugongwe. Deni limalize kwa njia nyingine, SACCOS zipo.

Lori la mafuta likipinduka, weka daftari la vipimo pembeni kwanza. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikimbilia lori lililopinduka wakiwa na madumu, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Petroli unaiona ikitiririka, lakini kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa mtaroni hadi kwenye jiko la mama muuza mihogo ambaye wala hajui kama kuna ajali. Piga 114 zimamoto waje, omba nguvu kituoni, funga barabara pande zote mbili mbali na lori, na ukae upande unakotoka upepo. Ukiwa peke yako usianze kumfukuza mmoja mmoja, hutawaweza. Tafuta mwenyekiti wa mtaa, shekhe, dereva wa bodaboda mwenye sauti, yeyote anayesikilizwa pale, awapigie kelele watu wake.

Glavu. Weka pea kadhaa mfukoni, zako mwenyewe, usingoje za kituo. Majeruhi hawakungoji, utawabeba tu, na vioo vya basi vinakata. Ukichanika na damu ya mtu ikakuingia, nenda hospitali siku hiyo hiyo uombe dawa za kinga ya VVU. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na unazimeza siku 28. Hakikisha pia tukio lako limeandikwa kituoni. Nimeona askari wanaowajazia watu PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, kutwa nzima, wakiumia wao wanajifunga kitambaa na kuendelea na zamu.

Miguu ni habari fupi: ukisimama, chezesha visigino, mishipa isije ikavimba. Maji kunywa. WP, askari wa kike, wengi hawanywi kwa sababu barabarani hakuna choo, wanaishia kuugua njia ya mkojo. Wewe kiongozi wa zamu, ukipanga kituo cha ukaguzi panga karibu na choo, si aibu.

Usingizi ndio mrefu. Baada ya ajali ya basi kuna kazi ambayo watu hawaifikirii, ya kuorodhesha mali za waliokufa. Usiku mmoja nilipewa kazi hiyo. Begi jeusi. Kitenge. Mchele, umemwagika. Chini ya kiti, nikamulika tochi, jogoo amefungwa miguu, ananiangalia. Nikaandika: jogoo mmoja, mwekundu, hai. Tulimfuga kituoni akisubiri ndugu wa mwenyewe. Kwa miezi mingi baadaye, jogoo yeyote akiwika alfajiri nilikuwa nashtuka nimelowa jasho.

Askari wenzangu dawa yetu ilikuwa baa ya jirani na kota. Pombe inakulaza, lakini saa tisa usiku inakuamsha na mambo yale yale. Kilichonisaidia kilikuwa kuongea na koplo aliyekuwa na mimi pale, tukakaa nyuma ya gari kabla hatujarudi nyumbani, kila mmoja akasema alichokiona. Fanyeni hivyo usiku ule ule, msiahirishe.

Mwezi ukipita bado hulali, au umekuwa mkali kwa watoto bila sababu, nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa. Wenzako watasema unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache waseme, wengine wao wanakunywa kila siku kwa ugonjwa huo huo. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usikae na silaha hata dakika moja: mkabidhi mwenzako airudishe ghalani, mwambie hali yako, asikuache peke yako mpaka mfike hospitali.

Huko kliniki nenda na mkeo au mumeo, maana wewe ukiulizwa utamwambia daktari kwamba unalala vizuri.