Mbwa wa jirani wana makovu, nifanyeje?

SWALI: Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Virginia, Marekani. Uani kwa jirani wamefungwa mbwa saba kwa minyororo mizito, wengi wakiwa na makovu usoni na kwenye miguu ya mbele, na usiku wa Jumamosi magari hujaa pale. Je, nikamwulize mwenyewe?

JIBU: Usiende, ndugu yetu. Makovu ya sehemu hizo ni dalili ya mbwa wanaopiganishwa, ingawa peke yake si ushahidi. Andika tarehe, saa na yale unayoyaona ukiwa kwako, kisha uwaarifu polisi au idara ya wanyama ya kaunti. Kupiganisha mbwa ni kosa kubwa la jinai katika majimbo yote 50, na tangu 2014 sheria ya shirikisho humtia hatiani hata mtazamaji, ambaye kiingilio na kamari yake ndivyo vinavyolisha biashara hiyo. Humo humo Virginia, mwaka 2007, mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Michael Vick, alihukumiwa kifungo cha miezi 23 kwa kuhusika na biashara ya kupiganisha mbwa, na wengi wa mbwa wake, waliodhaniwa kuwa hawafai ila kuuawa, walipata watu wa kuwalea. Ukichelea kujulikana, uliza kwanza kama taarifa yako itapokelewa bila jina.