Kusikiza kitabu kwa spidi ya 2

Umeuliza kama kusikiza kitabu kwa spidi ya 2, yaani mara mbili ya kawaida, ni kujidanganya, mi naona inategemea kitabu bana. Msomaji anayerekodi hivi vitabu vya sauti huenda kama maneno 150 kwa dakika, sisi tukipiga stori hapa Kisumu mara nyingi tunapita hiyo, kwa hivyo 1.25 mpaka 1.5 sikio linazoea haraka, na kitabu cha masaa 10 kwa 1.25 kinaisha na 8, ukiweka 2 ni 5. Sauti nayo haiwi nyembamba kama kaseti za zamani juu programu inabana muda tu. Lakini riwaya siharakishi, mtu amelipwa kuigiza kilio halafu unamkimbiza kama makanga anayetafuta abiria wa mwisho wa Kericho? Vile vitabu vya biashara vinavyorudia jambo moja sura nzima ndio wekea hata 1.75 usijali. Panda polepole tu, na ukiwa ndani ya matatu yenye muziki rudisha chini, kelele inameza maneno. Msomaji akiwa na lafudhi hujazoea anza na 1 kwanza.