Bi Tunu wa Mwanzo na Bi Tunu wa Leo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Kaka, hongera kwa kazi. Ila Bi Tunu wa siku hizi simtambui. Yule wa mwanzo, mwenye kanga ya maua, umempeleka wapi?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mama ntilie huyu wa katuni yangu nimemchora kwa miaka 11, kila wiki visanduku vinne, na kuambiwa kwamba nimempoteza kulinichoma. Usiku ule nikashusha boksi la michoro ya zamani kutoka juu ya kabati, nikautafuta ule wa kwanza kabisa.

Kanga ya Bi Tunu ina maua 63. Nimeyahesabu. Sufuria limejaa mistari ya kukatizana mpaka limekuwa jeusi ti. Mkono ulioshika mwiko una kucha zote tano. Nakumbuka kisanduku kile kimoja kilinikesheza siku mbili, na nilikipenda mno. Kisha nikautazama uso. Macho yapo, pua ipo, lakini awe anapika ugali, awe amefiwa, awe anadaiwa kodi ya kibanda, sura ni ileile.

Mwaka wa tatu ndipo nilipoharibu. Vijana wote niliowajua walikuwa wanasoma katuni za Kijapani, na mimi nikaona nimepitwa. Basi kati ya Ijumaa moja na nyingine nikampa Bi Tunu macho makubwa kama visosi, kidevu kilichochongoka, na mistari ya mwendo hata anapomwaga maharage kwenye sahani. Sikumuandaa msomaji. Wiki tano baadaye nilinunua gazeti kama kawaida, nikafungua ukurasa wangu, nikakuta tangazo la magodoro. Hakuna aliyenipigia simu, si kabla wala baada. Miaka mitatu ya kupeleka kazi bila kuchelewa hata siku moja, halafu godoro. Mpaka leo bado linaniuma, na sitasema limeisha.

Kilichonirudisha kwenye meza ni kitabu cha mtumba nilichookota Posta, mkusanyiko wa katuni za Peanuts za Mmarekani Charles Schulz. Alianza tarehe 2 Oktoba 1950, na ya mwisho ikachapwa 13 Februari 2000, siku moja baada ya kufariki kwake. Karibu katuni 18,000, na zote alizichora kwa mkono wake bila kuwa na msaidizi wa kumchorea. Mtazame Snoopy wake. Mwanzoni ni mbwa wa kawaida, anatembea kwa miguu minne na hana la kusema. Baadaye anaanza kuwaza, pua inarefuka, anasimama kwa miguu miwili. Pekua kurasa moja moja, huwezi kuweka kidole mahali ukasema hapa ndipo alipogeuka. Uzeeni mkono wa Schulz ulikuwa unatetemeka, mstari nao ukatetemeka, lakini kalamu hakumwachia mtu. Ukiitazama mistari ile ya mwisho unaona kwamba mtetemo wenyewe umekuwa sehemu ya mchoro.

Niliporudi kwa Bi Tunu nilianzia pale nilipokuwa kabla ya yale macho. Maua ya kanga yakaanza kupungua, wiki hii manne, mwezi ujao kumi, kwanza kwa sababu muda haukunitosha, halafu kwa sababu niligundua yanamvuta msomaji mbali na uso. Kufika mwaka wa sita kulibaki pindo na fundo tu. Fundo lile likanifundisha kazi. Mteja akiomba kukopeshwa, Bi Tunu analikaza. Akicheka, linalegea. Ni mistari miwili ya wino, na inasema kitu ambacho maua 63 hayakuwahi kukisema.

Kwa hiyo wewe mwenye mfululizo wako, au unayetaka kuuanza, nisikilize. Chora. Usikae miezi unatafuta mtindo. Chora mtu mmoja yuleyule wiki hadi wiki, na mkono wako wenyewe utachagua kipi cha kubaki. Usibadilishe kwa ghafla, narudia tena, usibadilishe kwa ghafla, maana msomaji anamfahamu mhusika kama anavyomfahamu jirani yake. Na usidanganyike kwamba ukirudi kusafisha mistari ya zamani utakuwa umesafisha kazi. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, yule kijana mwanahabari wa katuni, alifanya hivyo. Hadithi yake ya Kongo ya mwaka 1930 aliichora upya mwaka 1946, akaondoa somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu "nchi yenu Ubelgiji", akaweka hesabu za kujumlisha. Mstari ukawa safi kweli. Lakini nyuso za Wakongo zikabaki na dharau ileile, kwa sababu dharau ilikuwa katika jicho la mchoraji, na jicho halifutwi kwa ufutio. Ukitaka mchoro wako ubadilike, nenda stendi, kaa kwenye benchi la mama ntilie, kula, tazama mikono yake. Fanya hivyo mwaka mzima. Wengi wenu hamtaki, mnataka programu mpya ya kuchorea.

Yule msomaji nimemjibu. Nilipiga picha kisanduku cha kwanza na kisanduku cha wiki hii, nikamtumia vyote viwili bila maelezo. Katika hiki cha pili Bi Tunu ameinamia jiko, kanga haina ua hata moja, mkono mmoja uko kwenye fundo.

Baada ya dakika chache akaandika: "Leo nani anataka kukopa?"