"Ceder" si "give up" kila mahali

Ndugu, umeuliza kama kitenzi cha Kihispania "ceder" kinaweza kutafsiriwa "give up" kwa Kiingereza kila kinapotokea. Hapana, na tafadhali usikariri hivyo. Tazama kwanza ni nani anayeachia, na anaachia nini.

Ukimpisha mzee kiti, "ceder el asiento", hapo "give up" inafaa kabisa. Lakini mtu aliyeshinikizwa mpaka akalegeza msimamo, Kiingereza chake ni "give in". Daraja likielemewa na uzito likaporomoka, "el puente cedió", ni "gave way". Homa ikishuka, "la fiebre cedió", utasema "subsided". Kibao cha barabarani cha "ceda el paso" Wamarekani hukiandika "yield", Waingereza "give way".

"Cede" ya Kiingereza yenyewe inafanana sana na "ceder" kwa kuwa zote asili yake ni Kilatini, ila ni neno la mikataba. Mwaka 1898 Hispania iliikabidhi Marekani kisiwa cha Puerto Rico. Hapo "ceded" ndiyo hasa. Usiipeleke kwenye kiti cha basi! Mimi hupenda zaidi matumizi ya soka: "jugador cedido" ni mchezaji aliyetolewa kwa mkopo, "on loan", maana ambayo ni vigumu kuipata kwa kubahatisha.

Kukata tamaa ni "rendirse", na kuacha sigara ni "dejar de fumar". Kiingereza hutumia "give up" kwa yote mawili, ndipo wengi wanapochanganya.